Mashine ya koklea imenyamaza: uanzie wapi kutafuta tatizo

Ndani ya kichwa hakuna betri. Wazazi wa mtoto kiziwi aliyepandikizwa kifaa cha kusikia huambiwa hivyo siku ya upasuaji, kisha hulisahau, na mashine anayovaa nje inaponyamaza hofu ya kwanza inakuwa kwamba kilichopandikizwa kimekufa na mtoto atarudishwa kupasuliwa. Mara nyingi sivyo. Kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachopeleka sauti kwa umeme kwenye sikio la ndani, hukaa chini ya ngozi nyuma ya sikio na hupata umeme wake wote kutoka nje. Koili ya nje, kiduara cha waya kilichounganishwa na mashine na kushikiliwa na sumaku, hurusha mawimbi ya redio kupitia ngozi. Koili ya ndani huyanasa, kipandikizi huyageuza kuwa umeme, na katika mawimbi hayo hayo husoma maelezo ya sauti. Ukiondoa koili kipandikizi kinazimika papo hapo, ukiirudisha kinawaka.

Kwa hiyo fuata njia ya umeme wenyewe: betri, mashine, waya, koili, nywele na ngozi, na mwisho kabisa kilichomo ndani. Anayeanza na la mwisho hupanda basi usiku kucha kuja hospitali, kumbe betri iliwekwa kichwa chini.

Taa za mashine hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya toleo na toleo. Rangi inayomaanisha "koili imetoka" kwa mmoja yaweza kumaanisha "betri inaisha" kwa mwingine. Kitabu kilichokuja na mashine yako ndicho cha kuamini, si taa ya mtoto wa jirani.

Kipimo cha kila asubuhi

Mtoto wa miaka miwili hatakwambia kwamba hasikii. Atacheza kimya kimya, au atakuwa mkorofi siku nzima. Ndiyo maana kabla ya chai simama nyuma yake, ziba mdomo kwa mkono ili asisome midomo, kisha tamka sauti sita moja moja: aa, ii, uu, mm, ss, shh. Ni kipimo cha Ling, na kwa bahati njema sauti zote sita zimo katika Kiswahili. Aitike, ageuke, au atie kifungo kwenye kikombe kila anaposikia. Akizikosa zote, tatizo ni la umeme au waya. Akikosa ss na shh peke yake, shuku maikrofoni yenye uchafu au mpangilio wa sauti unaohitaji kurekebishwa.

Kimya kabisa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni betri: imekwisha, imegeuzwa, au kijumba chake hakikufungika mpaka mwisho. Weka nyingine unayoijua kuwa ni nzima. Usiseme "hii ni mpya" kwa sababu umeitoa kwenye pakiti leo, kwani pakiti lililokaa dukani kwenye joto miaka mitatu si jipya.

Betri za kutupa zina mambo yake. Ni za zinki na hewa, saizi 675, volti 1.4 kila moja, na mashine nyingine hutumia mbili, nyingine tatu. Zina vitundu vidogo vilivyozibwa kwa kibandiko. Ukikibandua, hewa inaingia na umeme unaanza kuzalishwa. Usizifungie ndani ya mashine hapo hapo. Ziache wazi dakika tatu hadi tano zivute hewa, ndipo uweke. Zikishafunguliwa huendelea kuisha hata usipozitumia, na kurudisha kibandiko hakuziponyi.

Ikiwa betri ni nzuri na bado kimya, endelea hivi:

1. Mashine imewashwa? Vitufe vimefungwa? Sauti imeshushwa chini kabisa, au mashine inasikiliza simu badala ya maikrofoni? Mtoto anayechezea vitufe ana uwezo wa yote hayo.
2. Fungua kijumba cha betri uangalie vile vipande vya chuma vinavyogusana nayo. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, futa kwa kijiti cha pamba kikavu. Maji, mate na spiriti nyingi havifai.
3. Badilisha waya wa koili. Kama una waya wa akiba, hapa ndipo utakapoushukuru.
4. Badilisha koili.
5. Kwa mwenye vipandikizi pande zote mbili, hakikisha mashine ya kulia haikuwekwa kushoto. Matoleo mengi ya sasa hukitambua kipandikizi chao na hukataa kuendesha kingine.

Hatua ya tano inanileta kwenye onyo. Usimvike mtoto mashine ya mtoto mwingine "kujaribu tu". Kampuni hazitumii mawimbi yaliyo sawa: Cochlear huendesha vipandikizi vyake kwa megahezi 5, MED-EL kwa 12, Advanced Bionics kwa 49, kwa hiyo koili ya moja haiamshi kipandikizi cha nyingine. Na hata kampuni ikiwa moja, kila mashine imepangwa kwa viwango vya umeme vya mtu mmoja. Kiwango kinachomtosha huyu kinaweza kumuumiza yule. Kubadilishana kebo na koili za aina ileile kwa ajili ya kupima hakuna ubaya. Mashine yenyewe iache kwa mwenyewe.

Umebadilisha betri, waya na koili, taa ya mashine inaonyesha uzima, na bado kimya? Simama hapo, piga simu kliniki. Wana kompyuta inayozungumza na kipandikizi kupitia ngozi, na kwa dakika chache itaonyesha kama kinaitika na kama kila elektrodi, yaani ncha inayotoa umeme ndani ya sikio, ni nzima. Hicho ndicho kipimo pekee cha kusema kipandikizi kimekufa.

Sauti inakatika na kurudi

Hili ndilo lalamiko linalochosha watu, kwa sababu mkifika kliniki mashine inafanya kazi vizuri. Usikate tamaa. Kukatika kuna tabia, na tabia hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji.

Inakatika mtoto akigeuza shingo au akishika waya? Ni waya. Waya wa koili ni mwembamba, hukunjwa kila siku pale pale unapoingia kwenye mashine, na ndio sehemu inayochoka mapema kuliko zote. Uzi wa ndani ukikatika ganda la nje hubaki zima, kwa hiyo kuutazama kwa macho hakusaidii. Vaa kila kitu, kisha uzungushe polepole kwa vidole kwenye ncha zote mbili huku ukiangalia taa ya koili au ukimwuliza mtoto. Sauti ikija na kwenda, waya umekwisha. Kuulehemu kwa fundi wa redio hakufai: koili na waya vimepimwa kufanya kazi pamoja, na kiungo cha risasi hubadilisha kipimo hicho.

Inakatika ukipaza sauti, au mahali penye kelele kama sokoni na stendi? Shuku betri. Sauti kubwa hudai umeme mwingi kwa ghafla, na betri dhaifu hushindwa kuutoa ingawa nyumbani kwenye utulivu inaonekana nzima. Hapa kuna mtego wa dukani. Betri 675 za vifaa vya kawaida vya kusikia na 675 za vipandikizi zina umbo moja na mara nyingi bei tofauti, lakini za vipandikizi zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa zaidi. Ukiweka za kawaida, mashine itawaka, itafanya kazi kwa muda, kisha itaanza kuzimika na kuwaka. Soma pakiti mpaka uone imeandikwa kwamba ni za kipandikizi. Mwenye duka hajui tofauti, na simlaumu.

Inakatika mchana wenye jasho, au asubuhi baada ya usiku wa mvua? Unyevunyevu. Pwani yote, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, hewa yenyewe imebeba maji, na jasho lina chumvi. Kila usiku mashine ilale ndani ya kasha la kukaushia. Kama huna la umeme, kopo lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya chembechembe za kukausha vitafanya kazi, mradi uvibadilishe vikichoka. Betri za zinki zitoe kwanza, kwa maana ukavu huo huo huzimaliza.

Hapo masika likaja jambo lingine. Mvua inapiga, mama anaifunga mashine kwa mfuko wa nailoni ili isilowe, na baada ya muda mfupi inazimika. Maji hayakuingia hata tone. Betri ya zinki inapumua, na nailoni imeinyima hewa. Hali ni hiyo hiyo kwa vile vifuniko vya kuogelea. Ukitaka kufunika mashine, tumia betri ya kuchaji, ambayo haihitaji hewa.

Inakatika akivaa kofia ya bodaboda, akilala kwenye kiti cha gari, au baada ya kusukwa? Koili inasogezwa. Soma sehemu inayofuata.

Koili inadondoka

Umeme unaopita bila waya hupungua kwa kasi kadiri koili mbili zinavyotengana, na sumaku nayo hulegea kwa umbali huo huo. Ndiyo maana madaktari hupendelea ngozi iliyo juu ya kipandikizi isizidi unene wa milimita sita au saba. Kila kinachoongezeka kati ya koili mbili kinahesabika.

Nywele ndizo huongoza. Watoto wengi wa shule za msingi Tanzania hunyolewa, kwa hiyo hawana shida hii, nayo huanza wakienda likizo na kusukwa. Msuko uliopita juu ya kipandikizi, rasta za kuongezea, wigi, huinua koili. Mwambie msusi aache duara dogo, upana wa koili, na hapo zikatwe fupi. Nywele za jirani zitalifunika. Ushungi na hijabu havina shida vikivaliwa juu ya koili bila kuibana wala kuivuta. Mwenye kilemba kizito ajaribu kwanza nyumbani.

Baada ya nywele, fikiria sumaku. Koili nyingi zina sumaku inayobadilishwa, za nguvu tofauti. Mtoto akikua ngozi ya kichwa huongezeka unene, na sumaku ya mwaka juzi haitoshi tena. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji uvimbe nao hufanya hivyo, kisha hupungua, na hapo sumaku ile ile inakuwa kali mno. Usinunue sumaku yenye nguvu kubwa kuliko zote kwa kudhani ndiyo bora. Chukua yenye nguvu ndogo inayoweza kushika.

Kama koili ilikuwa inashika vizuri na ghafla haishiki, au inashika pembeni, na mtoto alianguka au aligongwa kichwani, usibadilishe sumaku. Huenda sumaku ya ndani imetoka mahali pake. Vua mashine, nenda hospitali, atapigwa picha. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeingizwa kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za mwili kwa sumaku kubwa, bila kusema ana kipandikizi. Baadhi ya vipandikizi hutolewa sumaku kabla ya kipimo hicho, vingine hufungwa bandeji maalumu, na mashine ya nje haingii chumba hicho kamwe. Kadi ya kipandikizi itembee pamoja na kadi ya kliniki.

Ngozi nyekundu, maumivu, joto

Wekundu mwepesi unaopotea saa moja baada ya kuvua ni wa sumaku kali. Punguza nguvu ya sumaku, au weka kitambaa laini chembamba cha kubandika chini ya koili. Wekundu unaobaki, ngozi inayong'aa na kuwa nyembamba, kidonda, usaha, uvimbe laini: vua koili upande huo, usiirudishe hata kwa saa moja ya shule, na umwone daktari siku hiyo hiyo. Ngozi ikitoboka juu ya kipandikizi, vijidudu vina njia ya kuingia ndani. Usipake dawa ya kienyeji wala losheni ili kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Homa, kichwa kuuma sana, shingo kukaza, kutapika, kuchukia mwanga: hapo hatuzungumzii tena mashine. Wenye kipandikizi cha koklea wana hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo kuliko watu wengine, ndiyo sababu husisitiziwa chanjo ya nimokoko. Nenda hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, na useme mlangoni kwamba ana kipandikizi.

Betri yenye joto la kuunguza, iliyovimba au kuvuja ni jambo tofauti. Itoe, iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na godoro, na isichajiwe tena.

Betri inaisha kabla ya jioni

Linganisha na ilivyokuwa mwanzo, si na ya mtu mwingine. Mwenye ngozi nene au mpangilio wa sauti unaotumia umeme mwingi betri yake itaisha mapema kila siku, na si kasoro. Betri ya kutupa kwa kawaida hudumu siku kadhaa, ya kuchaji siku moja au pungufu. Ikiwa imepungua polepole kwa mwaka mzima, betri ya kuchaji, ambayo ni ya lithiamu, imezeeka. Nunua nyingine. Ikiwa imepungua ghafla, tafuta kilichobadilika: nywele zimekua, kliniki imerekebisha mpangilio wa sauti, muziki wa simu unaingia moja kwa moja kwenye mashine siku nzima, au mmenunua betri za duka jipya.

Betri za akiba zisichanganywe na sarafu mfukoni, na zisiwekwe friji, kwa sababu zikitoka huko hutoa jasho. Zikae juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza betri ya kidonge, au akiiingiza puani au sikioni, hiyo ni dharura ya dakika ile ile. Betri iliyokwama kooni huweza kuchoma nyama ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali ukiwa na pakiti mkononi.

Haichaji

Mara nyingi kosa liko kwenye kebo ya chaja au soketi, si betri. Jaribu kebo nyingine, kisha soketi nyingine. Futa chuma za chaja kwa kitambaa kikavu. Betri iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani itakataa kuchaji mpaka ipoe, na hufanya hivyo kwa makusudi ili isiharibike.

Umeme wa nyumba zetu hupanda na kushuka, na ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Chomoa chaja umeme ukikatika, uirudishe baada ya dakika kadhaa. Chaja za leo nyingi hutumia kichwa cha USB, kwa hiyo pawabenki ya kawaida au sola ya nyumbani inatosha kuzichaji. Hapo ndipo mipango ya mgao wa umeme inapoanzia: betri mbili za kuchaji zinazopokezana, pawabenki iliyojaa, na pakiti moja la betri za kutupa ambalo halijafunguliwa kibandiko. Mwalimu wa darasa apewe pakiti lake na afundishwe kubadilisha. Ni kazi ya dakika moja, ila walimu huogopa kuigusa mashine mpaka waonyeshwe.

Kwa familia za mikoani akiba hii ni muhimu zaidi. Mpaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kufanya upandikizaji, wagonjwa wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India. Upasuaji sasa uko nyumbani. Lakini waya wa akiba hauuzwi Sumbawanga, na mtoto aliyekosa waya kwa mwezi amekosa lugha kwa mwezi. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu cha ziada, nunua waya kabla ya koili.

Sauti ipo lakini imeharibika

Sauti nzito kama ya mtu aliyeziba mdomo ni maikrofoni yenye jasho au vumbi. Badilisha kifuniko chake kama kinabadilishwa. Mtoto aliyekuwa akiipenda mashine na sasa anaing'oa kila akivalishwa, sikiliza anachokataa: huenda elektrodi moja imeharibika au kiwango kimepanda mno. Jicho au shavu likichezacheza kila sauti inapoingia, umeme unagusa neva ya uso. Vua mashine, panga siku ya kliniki. Vyote hivi hurekebishwa kwa kompyuta, hakuna utakachofanya nyumbani.

Kama kipandikizi chako kina betri ndani

Wapo wenye vifaa vya aina nyingine: vichochezi vinavyopeleka umeme kidogo kwenye ubongo kwa ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukakamaa, au vya uti wa mgongo kwa maumivu sugu, ambavyo baadhi vina betri ya kuchaji ndani ya mwili. Wazo lenyewe ni la zamani. Kidhibiti mapigo cha moyo cha kwanza kupandikizwa, Stockholm Oktoba 1958, kilichajiwa kwa koili kupitia ngozi. Kilizimika ndani ya saa chache. Mgonjwa, Arne Larsson, aliishi mpaka 2001 na alibadilishiwa zaidi ya vifaa 20.

Kwa hivi, kanuni ya "ondoa, rudisha" haitumiki. Kama chaja haipati kipandikizi, isogeze polepole mpaka ishara ipande, vaa nguo nyembamba, kaa wima. Joto kidogo wakati wa kuchaji ni la kawaida, joto la kuumiza si la kawaida: acha. Usiruhusu betri ya ndani iishe kabisa na kukaa hivyo kwa wiki, nyingine hukataa kuamka. Na mgonjwa wa Parkinson ambaye kichochezi chake kimezimika ghafla, akakakamaa au kushindwa kumeza, ni wa hospitali mara moja.

Unapopiga simu kliniki

Uwe na aina ya mashine na namba iliyoandikwa juu yake, rangi ya taa na namna inavyowaka, ulichokwisha kubadilisha, na hali inayoleta tatizo: akigeuka, akitoka jasho, asubuhi, kwenye kelele. Mkiitwa kuja, leteni kila kitu, hata waya ule mnaodhani umekufa, na betri zilizotumika zikiwa ndani ya pakiti lake.